Kichwa cha Renae Kwenye Friza

Elmdal, Minnesota
29 Septemba 1974

Mwanangu Renae,

Hujambo huko Duluth? Huku sisi wazima. Baba yako mzima, ng'ombe wazima isipokuwa Dottie aliyekanyaga waya, na bibi yako Selma amekatazwa siagi na daktari. Siagi, Renae, katika nyumba ya wafugaji. Ameandikiwa majarini, yale mafuta ya mimea yanayojifanya siagi. Kopo lake tunalificha nyuma ya unga, maana mtu wa ushirika wa maziwa akiliona tutahama mji.

Sikupigii simu kwa sababu laini yetu unaijua. Tunachangia na kina Wendt, na kengele yetu ikilia Phyllis Wendt huinua simu kabla yangu. Barua haina masikio.

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini tangu uvikwe taji la Malkia wa Siagi mwezi wa nane, watu hawajaacha kuja kukitazama kichwa chako kilichochongwa kwa siagi. Nawashusha chumba cha chini, nafungua friza, naondoa taulo, nao wanavua kofia. Mchungaji alisimama pale mpaka baridi ikamtoa machozi. Kanisani nimesema alilia. Kina Quist wamekuja mara mbili. Wote nawaambia kwamba unasomea uuguzi na kwamba walimu wenu hawajapata kuona mwanafunzi kama wewe. Hukuniandikia hivyo, lakini nani asiyemjua mwanawe?

Sasa lililonishikisha kalamu. Kamati ya tamasha la mwezi wa nane imeshakaa. Desturi unaijua: kichwa cha mwaka jana ndicho siagi ya kupaka mahindi ya mwaka huu, na mwenye kichwa ndiye hukata kipande cha kwanza akakitia sufuriani watu wakitazama. Phyllis akauliza, kwa ile sauti yake ya asali, kama wanafunzi wa uuguzi hupewa ruhusa mwezi wa nane. Nikamjibu kwamba utakuja hata hospitali nzima ikiungua.

Basi niandikie kwamba utakuja, ili niwe nimesema kweli.

Mama yako,
Lavonne


Duluth
20 Oktoba 1974

Shikamoo mama,

Mimi sijambo. Mpe bibi pole ya siagi, na Dottie pole ya mguu. Huku upepo wa ziwani umeanza, ukitoka nje bila kofia unarudi na kichwa kinauma. Masomo yapo.

Nina ombi, tafadhali usicheke. Shuka kwenye friza ulitazame sikio langu la kushoto. Ule mkunjo wa ndani, ulichongwa kwa waya mara moja, au kwa kisu, kidogo kidogo? Kama ni kisu utaona vijistari. Usiliguse kwa mkono mtupu. Joto la kidole linaacha alama.

Habari ya mwezi wa nane tutaongea.

Wako,
Renae


Elmdal
27 Oktoba 1974

Mwanangu mwerevu,

Tumepokea barua yako tukiwa wazima wote. Dottie anatembea, bibi yako hamsemeshi daktari, na baba yako amemaliza kuvuna mahindi kabla ya jirani yeyote, ingawa yeye hatalisema hilo, kwa hiyo nimelisema mimi mahali pote.

Nilishuka na tochi na miwani ya bibi yako. Vijistari vipo, vyembamba kama vya kiganja cha mtoto. Kwa hiyo ni kisu. Nilikaa pale nikashangaa, Renae. Sikio hilo nililiosha tangu linazaliwa, nikalivuta mara chache kwa makosa uliyoyafanya, na sikuwahi kujua kwamba ndani lina kijia kinachopinda mara mbili kabla ya kuingia kichwani. Nikapanda juu kumtazama baba yako sikio. Lake halina kijia hicho. Akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumamosi ilikuwa karamu ya kanisa, samaki wa magadi, yule mkavu aliyelowekwa, na chapati za viazi kama kila mwaka, na harufu kama kila mwaka. Chapati zangu zilikwisha kwanza, sisemi za Phyllis zilibaki ngapi. Nikawaambia watu kwamba umeingia somo la masikio. Mzee Quist akaomba ukija umtazame, hasikii vizuri. Mkewe akasema anasikia sana kila neno isipokuwa la kuosha vyombo.

Lakini kuna jambo linanizunguka akilini. Duluth imejaa watu, na kila mmoja ana masikio yake mawili ya moto. Muuguzi anataka nini kwenye sikio la siagi?

Na hukujibu la mwezi wa nane.

Mama


Duluth
1 Desemba 1974

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kuchelewa. Sijambo, ila mikono imepasuka kwa baridi. Nalala na glavu nilizozipaka mafuta ya kukamulia, yale ya baba. Mwambie yanafaa watu kuliko ng'ombe.

Sasa nataka pua. Chukua uzi wa kufumia, upime kutoka tundu hadi tundu, kisha kutoka kwenye ncha hadi katikati ya macho. Funga fundo kila mwisho, unitumie uzi wenyewe. Halafu uniambie ukingo wa tundu ni mwembamba kiasi gani. Siku hizi nazitazama pua za watu kwenye basi mpaka wanahama viti. Je, ulishawahi kugundua kwamba hakuna pua iliyonyooka? Hata ya mchungaji imeelekea kushoto kidogo.

Msalimie bibi.

Renae


Elmdal
12 Januari 1975

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshaanza kuchakaa. Barua yako imekaa hapa muda kwa sababu ya mambo. Bibi yako hajambo. Ng'ombe hawajambo, ila maji yao yanaganda kila asubuhi na baba yako huenda na shoka.

Jana lilikuwa shindano la kuvua samaki ziwani. Mji mzima ulikuwa juu ya barafu, kila mtu na tundu alilolitoboa la kuvulia. Baba yako alikaa kwenye ndoo tangu asubuhi, akavua samaki mmoja anayelingana na kijiko, akasema siku ilikuwa nzuri. Mimi niliuza kahawa, na waliokunywa walirudi kunywa tena. Phyllis aliuza supu. Barafu ilikuwa na baridi, na supu nayo ilikuwa na baridi.

Kuhusu pua. Pua iko salama. Uzi nimeuweka humu na mafundo yake. Pua iko salama kabisa, na sina la kuongeza kuhusu pua. Mwezi wa kumi na moja baba yako aliua kulungu, friza ikajaa nyama, ikabidi tuhamishe vitu huku na huku, lakini hayo ni mambo ya kawaida ya nyumba yoyote.

Mchungaji nimemtazama wakati wa mahubiri. Ni kweli, imeelekea kushoto. Sasa sisikii mahubiri tena, natazama pua tu, na kosa ni lako.

Ila nieleze hili. Hospitalini mna joto, mnavaa nguo nyepesi nyeupe, nimeona pichani. Mikono yako inapasuliwa na baridi ipi?

Nimewaambia watu utakuja. Kila mtu, hadi daktari wa ng'ombe. Andika neno moja tu, ndiyo.

Mama

Renae. Mama yako amenipa bahasha nipeleke posta, haijabandikwa. Paja la kulungu liliangukia pua yako ikang'oka. Ameijenga upya kwa majarini ya bibi. Alikuwa na haraka, akachukua kopo lililokuwa karibu. Hajui kwamba nilikuwa nimesimama kwenye ngazi. Usimwambie. Yale mafuta ya kukamulia nitakuletea mengine. Baba.


Duluth
2 Februari 1975

Shikamoo mama, na shikamoo baba,

Nimeupokea uzi. Sijambo, na mikono inapona.

Nimesimama mbele ya kioo na kuuweka uzi usoni kwangu. Mama, pua hii si yangu. Imekaa vizuri, ina ncha iliyotulia, lakini ni ya bibi Selma. Niliuweka uzi mezani, Bi. Dagny akaufuata kwa kidole fundo hadi fundo, akacheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akasema aliyeitengeneza pua hii ana jicho la kupima.

Sikuulizi lolote kuhusu pua. Nataka kujua jambo moja tu: ulianzia kwenye ncha au kule juu katikati ya macho? Watu wengi huanzia kwenye ncha, halafu hawajui waende wapi.

Renae


Elmdal
13 Aprili 1975

Renae,

Tunaendelea vizuri. Theluji imebaki kwenye mitaro tu, Dottie amezaa jike, bibi yako amegunduliwa akila siagi zizini kwa kijiko.

Barua yako ina jina ndani yake. Dagny Aasen ni yule mama aliyekuchonga wewe, na Malkia wote waliokutangulia. Nilifikiri huja Elmdal mwezi wa nane na kisha hurudi mahali watu kama hao hukaa. Uzi wangu umefikaje mezani kwake? Na meza hiyo iko wapi, na wewe ulikuwa unafanya nini karibu yake?

Kuhusu pua nilishasema. Nilianzia juu.

Sasa sikiliza. Jumapili ya Pasaka walimtangaza Jodene Wendt kuwa Malkia wa mwaka huu. Ndiyo, Jodene wa Phyllis. Nilimpongeza. Nilimkumbatia mama yake, na yeye akiwa bado kwenye mikono yangu akaniambia sikioni kwamba binamu yake ana binti chuoni kwenu, na binti huyo hajakuona darasani tangu Siku ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja. Nikamwambia umewazidi wenzako, umehamishiwa jengo jingine. Nilisema hivyo huku nimeshika kikombe cha kahawa na hakikutikisika.

Lakini usiku nilipolala nilijiuliza jengo gani.

Siulizi kwa hasira, mwanangu. Nauliza kwa sababu nimekaa miezi hii yote nikitazama sikio na pua kwa ajili yako, na sijui ni kwa nini, na sijawahi kukaa na jambo muda mrefu hivi bila kulijua. Uko wapi? Unafanya nini?

Na mwezi wa nane utakuja kukata au hutakuja? Hakuna Malkia aliyewahi kukosa. Usipokuja watasema tumewanyima siagi, au kwamba Duluth imekufanya utuone washamba. Nami nitasimama pale kwenye sufuria kama mtu aliyedanganya mji mzima, na hilo haliko mbali na ukweli.

Mama


Duluth
6 Julai 1975

Shikamoo mama,

Natumaini nyote wazima, na ndama wa Dottie ameshapata jina. Barua yako imekaa nami tangu theluji ilipoyeyuka kuwa matope. Nimeandika majibu matatu nikayachana.

Niliacha uuguzi Novemba. Sikufukuzwa. Siku ile niliyokaa ndani ya kile kibanda cha vioo chenye baridi, na koti na taji, ninyi nyote mlikuwa nje mnanipungia mkono, nami nilikuwa namtazama Bi. Dagny mikono. Alikata kipande cha siagi, nikaona shavu langu likitoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilipofika Duluth kusoma nilikwenda kwenye karakana yake ya huku kumwuliza alijuaje. Akasema hawezi kulieleza, ila anaweza kunionyesha Jumamosi. Nikaenda Jumamosi. Kisha nikaenda Jumanne, siku ya darasa.

Wakati wa baridi tunachonga barafu kwa ajili ya matamasha ya miji ya huku, kiangazi siagi. Vidole vya mkono wake wa kulia vimekufa ganzi kwa miaka ya baridi, hawezi tena kushika waya mpaka mwisho. Kamati yenu imemwita kama kawaida, naye amewajibu atakuja na msaidizi, na kwamba msaidizi ndiye atakayechonga. Hakutaja jina kwa sababu nilimwomba nikwambie mimi kwanza.

Nitamchonga Jodene.

Kwa hiyo nitakuja, mama, lakini sitakata. Ukishaanza hutoki, mlango ukifunguliwa joto linaingia na uso unalegea. Wakati wa mahindi nitakuwa ndani. Kipande cha kwanza kikate wewe.

Ukitaka kuwaambia watu kwamba bado nasomea uuguzi, waambie. Sitakukanusha. Ila wataniona kwenye kioo.

Renae


Elmdal
17 Agosti 1975

Mwanangu Renae,

Natumaini mlifika salama na gari la Bi. Dagny halikuwachosha. Huku wazima. Ndama anaitwa Duluth, baba yako ndiye aliyempa jina na hataki kuulizwa.

Barua yako ya Julai sikuijibu. Niliijibu kila siku nikikamua, kila siku jibu jingine, na mengine ungeyasikia huko uliko bila posta. Jana ulikuwa ndani ya kioo mchana kutwa, na jioni mkaondoka na vyombo vyenu kabla sijafika kwenye mlango. Kwa hiyo nakuandikia mambo ambayo hukuyaona, maana macho yako yalikuwa kwenye kazi.

Nilifika mapema, kabla ya bendi. Nilisimama nyuma ya lori la mahindi ili usinione. Nilikuwa nimeshapanga la kusema. Ningesema hospitali imekupa likizo na unamsaidia mama mzee kwa huruma. Lilikuwa jibu zuri, nililijaribu kwa baba yako akasema hm.

Watu wakajaa. Gwaride likapita, watoto wakaokota peremende, Mzee Quist akalala kwenye kiti. Phyllis akaja akasimama ubavuni kwangu na gauni lake jipya, akatazama kioo, akatazama tena. Akasema, "Lavonne, yule ndani si muuguzi wako?"

Watu walikuwa wanasikiliza, unawajua. Jibu langu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ndipo nikakuona umeinama chini ya kidevu cha Jodene na waya wako, ukavuta mara moja, na shingo ikatokea. Shingo ya mtu, Renae, na ule mshipa wake.

Nikasema, "Ni Renae. Uuguzi aliuacha Novemba. Sasa uso wa mwanao uko mikononi mwake, kwa hiyo usimpigie kelele."

Phyllis akasogea karibu na kioo. Kisha akaniuliza polepole kama kuna namna ya kukuambia upunguze masikio ya Jodene kidogo. Nikamwambia mlango haufunguliwi.

Halafu wakaniita. Baba yako alikileta kichwa kwenye karai lenye barafu, akakiweka mezani kando ya sufuria, akaondoa taulo. Mwenyekiti akanipa kisu. Sasa nikwambie, mimi nimechinja kuku tangu nikiwa msichana, lakini mkono ulikataa. Kilikuwa kinanitazama. Mwaka mzima nimekifunua na kukifunika, nimekisemesha mambo ambayo sikukusemesha wewe. Watu wakaanza kuguna, maji ya mahindi yakichemka. Nikasikia mtu nyuma akisema nilijua tu, atatunyima.

Nikainua macho nikakutafuta kwenye kioo. Nilitaka unitazame, hata kidogo. Hukunitazama. Ulikuwa umekunja uso, ncha ya ulimi nje ya meno, nywele zimekuangukia na hukuwa na habari nazo. Sikuwahi kukuona na uso ule, hata ulipokuwa mdogo. Nikarudisha macho mezani. Yule wa mezani alikuwa mzuri, na taji lake, lakini hakuwa akitaka kitu chochote.

Nikakata. Nilianza na pua. Watu wakapiga makofi wakidhani ni ushujaa, nami nikawaacha, nilikuwa na sababu zangu. Pua niliifunga kwenye leso nikampa bibi yako apake kwenye hindi lake, nikamwambia daktari hana neno na hiyo. Mengine yote yakaingia sufuriani. Mahindi ya mwaka huu, watu wote wanasema, hayajapata kuwa mazuri hivi. Mimi si mtu wa kujisifu.

Baadaye walinizunguka. Zamani wakiniuliza habari zako nilikuwa na majibu kabla hawajamaliza swali. Jana wakauliza: anaanzia wapi, anajuaje asikate kupita kiasi, akikosea hufanyaje? Nikawaambia sijui, na baba yako akageuka kunitazama kana kwamba nimezungumza Kijerumani.

Kwa hiyo nieleze. Asubuhi, kabla hujakata lolote, nilikuona nikiwa nyuma ya lori. Jodene alikuwa ameshakaa na koti lake, siagi imesimama mbele yako ni pande tupu, nawe hukulitazama. Ulimzunguka yule mtoto polepole, mikono mfukoni, ukasimama nyuma yake, ukamzunguka tena. Ulikuwa unatafuta nini?

Niandikie taratibu, kwa maneno ya kumweleza mtu asiyejua lolote. Sitakwenda kulisema kanisani. Nataka kulijua mimi.

Mama yako